Shimo, Ukuta na Mzabibu: Kuisoma Fani ya La Geria

Kipande kidogo kabisa cha La Geria kina vitu vitatu: shimo la mviringo lililochimbwa katika changarawe nyeusi ya volkano, ukuta mfupi wa mawe uliojipinda nusu duara ukingoni mwa shimo hilo, na mzabibu mmoja chini, mara nyingine miwili. Kipande hicho kimerudiwa maelfu kwa maelfu juu ya miteremko ya vilima vya katikati ya kisiwa cha Lanzarote, katika Visiwa vya Kanari vya Uhispania, kilomita 130 hivi kutoka pwani ya Afrika. Humo hutoka mvinyo mweupe unaojulikana kwa jina la zabibu yake, Malvasía Volcánica. Wageni hupita kwa mabasi, hupiga picha, hununua chupa na kuondoka wakisema pamependeza. Kusema umbo limependeza hakutoshi. Mhakiki anaulizwa lile swali analoulizwa mwanafunzi wa sekondari mbele ya diwani: kwa nini fani hii na si nyingine, na inabeba maudhui gani ambayo fani nyingine isingeyaweza?

La Geria ina tarehe ya kuzaliwa, jambo adimu kwa mandhari ya mashamba. Usiku wa tarehe 1 Septemba 1730 ardhi ilipasuka karibu na kijiji cha Timanfaya. Moto ulitoka hapo, ukatulia, ukazukia kwingine, na haukwisha hadi Aprili 1736. Padri wa Yaiza, Andrés Lorenzo Curbelo, aliandika alichokuwa akikiona. Maelezo yake yalikuja kujulikana Ulaya kupitia mwanajiolojia Mjerumani Leopold von Buch, aliyezuru kisiwa hicho mwaka 1815. Karibu robo ya Lanzarote ilifunikwa, na ilikuwa robo yenye mashamba mazuri ya nafaka. Vijiji vilizikwa. Watu wengi walivuka bahari kwenda Fuerteventura na Gran Canaria kutafuta pa kuishi.

Volkano ilimwaga vitu viwili visivyofanana, na fani yote ninayoizungumzia imesimama juu ya tofauti hiyo. Kwanza ilimwaga lava, mawe yaliyoyeyuka yakatiririka na kuganda yakawa uwanda mgumu usiolimika. Pili ilirusha angani vipande vidogo vyepesi vyenye vitundu, vikaanguka na kutandazwa na upepo. Wenyeji huviita rofe. Palipopita lava, shamba lilikufa. Palipoangukia rofe nyembamba, wakulima waliona kwamba mazao yaliyobaki chini yake yalistawi kuliko zamani. Na palipoangukia rofe nene, kama La Geria, mita moja, mbili, tatu, shamba halikufa wala halikuishi. Udongo wa zamani ulikuwa bado upo, mzima, na rutuba yake yote, ila ulikuwa umezikwa mahali ambapo mzizi wa mche mchanga usingeufikia.

Shimo ni jibu la hali hiyo ya tatu. Mkulima anachimba rofe mpaka agonge udongo wa babu yake, anapanda mzabibu hapo, kisha anautia changarawe kidogo kuuzunguka. Hachimbi ili kupata umbo. Anachimba ili kufika. Kwa hiyo kina cha shimo hakichaguliwi na mtu. Ni kina cha maafa yaliyoanguka mahali pale hasa, na ukitoka shimo moja kwenda jingine unaweza kusoma, pasipo kitabu, mahali upepo wa miaka ile ulipolundika changarawe na mahali ulipoipunguza. Sijui kumbukumbu nyingine ya janga iliyoandikwa kwa usahihi kiasi hiki na watu ambao hawakukusudia kuandika kumbukumbu yoyote.

Upana nao haukuchaguliwa, na hapa ndipo fani inapoonyesha ukali wake. Mwaga mchele kwenye sinia: utajirundika mpaka ufike mwinamo fulani, na ukizidisha punje moja unaporomoka. Rofe ina mwinamo wake vilevile, nyuzi thelathini na kitu. Ukichimba ukuta wa shimo wima zaidi ya hapo, changarawe itashuka na kumfunika mzabibu wako. Sasa piga hesabu. Ikiwa udongo uko mita tatu chini, kila upande wa shimo lazima urudi nyuma zaidi ya mita nne ili usiporomoke, na mdomo wa shimo unakuwa na upana wa mita tisa au zaidi kabla hujaongeza nafasi ya mtu kusimama chini. Eneo la chumba kizuri cha darasa, kwa mzabibu mmoja. Mashamba ya kawaida ya Ulaya huwa na mizabibu elfu kadhaa kwa hekta. Hapa ni mia chache tu, na penye mashimo makubwa kabisa hata mia mbili hazifiki.

Washairi wetu wanajua nguvu ya kanuni za namna hii. Mizani ikishawekwa, kila neno linalipa gharama yake, na mtunzi mzuri hupatikana katika namna anavyolipa. Tofauti ni kwamba mizani ya utenzi iliwekwa na watu na watu wanaweza kuilegeza. Mizani ya La Geria iliwekwa na uzito wa changarawe. Hakuna mkulima aliyewahi kupata ruhusa ya kuongeza mzabibu wa pili pale ambapo mwinamo ulikataa. Uzuri ambao mgeni anauona kutoka barabarani, ule wa mashimo yaliyopishana kwa nafasi inayoonekana kama ilipimwa na msanifu, ni uzuri wa kanuni hiyo ikitiiwa na watu wengi kwa karibu miaka mia tatu, kila mtu katika kiwanja chake.

Ukuta ni habari nyingine. Shimo lilitokana na yale yaliyoanguka kutoka juu. Ukuta unatokana na yale yanayokuja kwa ubavu. Pepo za kaskazini-mashariki huvuma Lanzarote sehemu kubwa ya mwaka, na majira ya kiangazi, wakati zabibu zinajaa, ndipo zinapokaza. Upepo huo unavunja machipukizi, unakausha majani na unarudisha rofe shimoni. Ndiyo maana kwenye ukingo unaoelekea upepo mkulima hupanga mawe ya lava bila saruji wala udongo, nusu ya mita kwenda juu au zaidi kidogo, yakijipinda kufuata mdomo wa shimo. Wenyeji huuita zoco. Upande wa pili huachwa wazi.

Tazama jinsi ukuta huo ulivyo mfupi. Haukujengwa kumzuia mtu wala mnyama, na haukujengwa kumficha mzabibu, maana mzabibu umekwisha kujificha. Umejengwa kuongeza kimo kidogo juu ya ukingo ambao shimo lenyewe limeshautoa. Na mawe yake hayakufungwa kabisa. Upepo hupenya katika nafasi zake ukiwa umepungua nguvu. Ukuta uliozibwa ungeurusha upepo juu na kuuangusha kwa kishindo nyuma yake, palepale penye majani. Ukuta wenye vitundu unauchuja. Mjenzi aliyeweka jiwe juu ya jiwe bila kuziba alikuwa na hoja, na hoja hiyo bado inasomeka.

Kwa sababu kila ukuta unaelekea upepo mmoja, bonde zima lina mwelekeo. Hili ndilo linaloiondoa La Geria katika kundi la marembo ya kujirudia. Duara halina mbele wala nyuma. Likirudiwa mara elfu linakuwa pambo la kitambaa. Nusu duara ina uso. Mahali palipo tulivu, siku isiyo na upepo hata kidogo, kuta hizi bado zinakuambia upepo hutoka wapi. Kama ningetakiwa kuonyesha darasani namna umbo moja linavyobeba maana bila kuitamka, ningeanzia hapa kabla ya kufungua diwani yoyote.

Changarawe yenyewe imesifiwa sana, na sehemu ya sifa hizo inapaswa kupunguzwa. Simulizi inayopendwa na waongozaji wa wageni ni kwamba rofe hunywa umande usiku na kuupeleka kwenye mizizi, na kwamba mzabibu unaishi kwa umande. Umande upo, na vitundu vya changarawe hunasa unyevu. Lakini kazi kubwa ya rofe ni ya kuzuia. Kisiwa hiki hupata mvua ya milimita 150 hivi kwa mwaka. Dodoma, inakolimwa zabibu ya Tanzania na inakosifika kwa ukame, hupata zaidi ya mara tatu ya hapo. Mvua hiyo kidogo inapoanguka juu ya rofe hupita upesi hadi kwenye udongo, na ikishafika haiwezi kupanda tena, kwa kuwa nafasi kati ya vipande vya changarawe ni kubwa mno kwa maji kujivuta kwenda juu. Jua linachoma tabaka la juu na halifiki chini. Upepo unapita bila kupata cha kukausha. Akiba ya mvua ya Desemba inabaki chini ya tabaka hilo jeusi hadi Julai.

Nasisitiza hili kwa sababu simulizi ya umande inabadilisha maana ya fani. Inamfanya mzabibu aonekane kama anayelishwa kwa muujiza kila usiku. Ukweli ni wa aina nyingine: mzabibu unatunziwa kile kilichokuwepo. Fani yote ya La Geria ni fani ya kuhifadhi. Shimo linahifadhi njia ya kufikia udongo, ukuta unahifadhi utulivu, changarawe inahifadhi maji. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje ya kisiwa isipokuwa mche.

Lakini La Geria haina umbo moja, na mhakiki anayesimama kwenye shimo peke yake amesoma ubeti wa kwanza akaondoka. Kando ya mashimo kuna mizabibu iliyopandwa katika nyufa za lava yenyewe, pale ambapo gamba la mawe lilipasuka na kuacha tundu linalofika chini. Ufa wa namna hiyo huitwa chaboco. Mkulima hakuchimba, alikuta. Alisafisha, akatia udongo palipohitajika, akapanda mzabibu, na penye nafasi akaongeza mtini. Hapa hakuna duara wala mpangilio. Mizabibu inatokea pale mwamba ulipotaka, na kuvuna ni kutambaa juu ya mawe makali. Wapiga picha hawahangaiki sana na chaboco kwa kuwa haiingii vizuri katika fremu, nami naiona ndiyo sehemu yenye ujasiri mkubwa kuliko zote, maana ni shamba lililowekwa ndani ya kitu kilekile kilicholiua.

Na kuna zanja, mtaro mrefu ulionyooka, ukuta ukiwa upande mmoja na mizabibu imepangwa kwa mstari. Hufaa mahali rofe ilipo nyembamba. Katika mtaro unaweza kupanda mizabibu mingi zaidi kwa hekta, kupita kati yake bila kupanda na kushuka, na kuleta vyombo ambavyo shimo haliruhusu. Mbali na vilima hivi, sehemu za kisiwa ambazo volkano haikuzimwagia changarawe, wakulima waliisomba wenyewe kwa ngamia na baadaye kwa malori, wakaitandaza juu ya udongo ili kupata kinga ileile. Walioyaona maafa walijifunza kuyaiga pale yalipokuwa na faida.

Sasa swali la mtazamo. Picha inayosambaa zaidi ya La Geria leo ni ile iliyopigwa kutoka juu kabisa, kwa ndege isiyo na rubani. Katika picha hiyo mashimo ni madoa, kuta ni nyuzi, mizabibu ni nukta za kijani. Ni usomaji mbaya kuliko wote. Umbo ambalo maana yake yote ni kina linaonyeshwa mahali ambapo kina kimefutwa. Kutoka barabarani mambo ni bora kidogo, ingawa hapo hutokea jambo la ajabu: mzabibu hauonekani. Unaona midomo ya mashimo ikipanda mteremko wa Guardilama na vilima jirani, unaona kuta, na shamba lote linaonekana tupu mpaka usogee karibu kabisa na ukingo. Mtunzi ameficha mhusika mkuu, naye hatoki hadi umfuate.

Mahali pa kuielewa fani hii ni chini, ndani ya shimo, ukichuchumaa kwenye usawa wa majani, ambako upepo unapungua na upeo wa macho ni ukingo wa changarawe unaokuzunguka pande zote. Lakini huko mgeni hatakiwi kushuka, na ni haki, kwa sababu kila hatua inaporomosha rofe. Wanaopaona ni wale wanaoshuka kwa kazi: kupogoa wakati wa baridi, kutia salfa dhidi ya ubwiri unga, kufungua tena udongo, kuvuna kwa mikono kuanzia Julai, mapema kuliko karibu kote Ulaya. Hapa hadhira na mtendaji wametenganishwa na ukingo wa shimo. Nitarudi kwenye jambo hili, maana sheria iliyotungwa kuilinda La Geria imesimama upande wa hadhira.

Kwanza mvinyo. Uhakiki wa shamba la mizabibu usiogusa glasi haujakamilika, ingawa ndipo penye mtego mkubwa. Malvasía Volcánica iliyo kavu huwa na harufu ya maua meupe na maganda ya limau, uchachu ulionyooka, na mwishoni kitu kinachoelekea chumvi. Wauzaji husema hiyo ni ladha ya volkano. Alex Maltman, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth aliyetumia miaka mingi kuchunguza uhusiano wa miamba na mizabibu, ameeleza kwa subira kwamba mwamba hauingii katika glasi kwa njia hiyo: mzizi hunyonya maji na chembe za madini zilizoyeyuka kwa kiasi kidogo mno, na kiasi hicho hakina ladha ya jiwe. Ninakubaliana naye. Na nadhani anayesema ladha ya volkano anaidharau La Geria bila kukusudia, kwa kuwa anampa mwamba sifa ambayo ni ya umbo.

Fuata njia ya umbo na mvinyo unaeleweka vizuri zaidi. Mizabibu michache kwa hekta na maji ya kuhesabika maana yake ni vishada vichache, na tunda dogo lenye ganda jingi kuliko maji. Pepo za bahari zinapooza kisiwa ambacho kwa latitudo yake kingekuwa tanuri, hivyo uchachu haupotei haraka. Mavuno ya mapema yanauokoa ule uliobaki. Mizabibu imesimama juu ya mizizi yake yenyewe, haikubebeshwa juu ya shina la mzabibu wa Marekani, kwa sababu filoksera, mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, hakuvuka kuja huku wakati ule. Na zabibu yenyewe ni ya visiwa hivi: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ni mtoto wa Malvasía Aromática na Marmajuelo. Hata jamaa zake wa Madeira na Sitges hawafanani nayo kabisa.

Hiyo haimaanishi kila chupa inastahili sifa. Mvinyo mwingi wa kisiwa hiki hutengenezwa kwa haraka ili unywewe na wageni mwaka uleule, baridi sana, kando ya samaki, na katika baridi hiyo hakuna umbo wala zabibu unaloweza kulitambua. Ile mitamu ya kizamani, iliyolazwa miaka katika mapipa, ina kina zaidi lakini haifanani tena na shamba. Ni kazi ya ghala. Iliyonishawishi ni mikavu iliyopumzishwa miezi kadhaa juu ya chachu yake kabla ya kuwekwa chupani, ambayo uchachu wake unakaza mdomo kisha unaachia polepole. Hapo naona mfanano wa kweli na bonde: kubana kwingi, nafasi kubwa, maneno machache.

La Geria ilitangazwa hifadhi mwaka 1987, na sheria ya mwaka 1994 ikaipa daraja la mandhari yenye ulinzi, zaidi ya hekta 5,000. Katikati ya miaka hiyo, 1993, kisiwa kizima kiliandikwa na UNESCO kuwa hifadhi ya viumbe hai na mazingira, na mvinyo wake ukapata jina la asili linalolindwa. Nyuma ya mafanikio hayo alikuwepo César Manrique, mchoraji na mchongaji mzaliwa wa Arrecife, aliyefariki mwaka 1992. Alipigana na maghorofa, akapigana na mabango ya matangazo barabarani, akawafundisha watu wa Lanzarote kukiona kisiwa chao kama kazi ya sanaa. Bila yeye huenda leo tungezungumzia mahoteli. Naye hakuwasahau wenye jembe: mwaka 1968 alisimamisha katikati ya kisiwa mnara wa kumtukuza mkulima, uliotengenezwa kwa matangi ya maji ya mashua kuukuu.

Hata hivyo ulinzi huo ulitungwa kwa jicho. Unasema nini kisijengwe, rangi gani isipakwe, ukuta upi usibomolewe. Unailinda La Geria kana kwamba ni maandishi: ukishayafungia kabatini pasipo unyevu wala mchwa, yatadumu. La Geria si maandishi. Ni fasihi simulizi. Ipo pale inapotendwa, na mtendaji akinyamaza haibaki. Rofe haikai mahali ilipowekwa. Kila mwaka upepo na uzito vinairudisha shimoni, na kila mwaka lazima mtu ashuke aitoe. Kuta zisizo na saruji huanguka jiwe moja moja. Vumbi laini hujichanganya na changarawe na kuziba zile nafasi zilizokuwa zikizuia maji yasipande, mpaka kinga inapungua nguvu. Shimo lililoachwa halibomolewi na mtu na halivunji sheria yoyote. Linajaa taratibu, mdomo unalegea, mzabibu unashindwa, na baada ya miaka kadhaa pana bonyeo tu katika mteremko. Kila kifungu cha hifadhi kimeheshimiwa na fani imekwisha.

Mtafiti yeyote wa ngano na nyimbo zetu atalitambua tatizo hili. Tumerekodi bibi akisimulia, tumeiweka kanda makavazini, tumejipongeza kwa kuhifadhi, na hakuna mjukuu anayejua kusimulia. Kanda ni muhimu. Lakini fani ilikuwa katika pumzi ya bibi, katika namna alivyongoja kiitikio, na hiyo haikuingia kwenye kanda. Wakulima wa La Geria wanazeeka. Kazi ya shimo ni ya mgongo na magoti, hakuna mashine inayoweza kushuka humo, na kijana wa Lanzarote anapata mshahara wenye uhakika hotelini umbali wa nusu saa kwa gari. Ndiyo maana niliona nafuu mwaka 2025, FAO ilipouingiza mfumo wa kilimo cha mchanga na changarawe za Lanzarote katika orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani. Kwa mara ya kwanza kilichotajwa katika daraja hilo kilikuwa kulima kwenyewe, ujuzi na mikono, wala si sura ya nchi peke yake.

Orodha hailipi mshahara, hata hivyo. Kinacholipa ni chupa, na hapo ndipo hoja yangu ya umbo inakuwa hoja ya biashara. Jina la asili ni moja kwa kisiwa kizima. Linaufunika mvinyo wa shimo, wa ufa na wa mtaro kwa usawa, ingawa kilo ya zabibu iliyopandishwa kutoka chini ya mita tatu za changarawe imekula kazi nyingi kuliko kilo iliyochumwa kwenye mstari ulionyooka. Ikiwa zote mbili zitanunuliwa kwa bei moja, mkulima anayefikiria watoto wake atahamia mtaroni, au ataliacha shimo lijae, na hatastahili lawama. Wakati huohuo ni shimo lile, si mtaro, linalochapishwa kwenye kadi za posta na matangazo ya safari.

Mtaro hauna kosa. Fani hubadilika, na sioni sababu ya kumlazimisha mtu atunge kwa umbo la babu yake mahali ambapo rofe nyembamba inamruhusu kutunga vingine. Ninachodai ni kwamba mnywaji aambiwe amenunua umbo gani. Lebo itaje kama zabibu zilitoka kwenye hoyo, ambalo ndilo shimo, au chaboco, au zanja, na bodi inayosimamia jina la asili ihakiki tamko hilo shambani jinsi inavyohakiki aina ya zabibu na mwaka wa mavuno. Kiwanda kinachonunua kutoka kwa wakulima wadogo kiweke bei tofauti kwa kila umbo, kwa maandishi, kabla ya Julai. Na kiwanda kinachochapisha shimo kwenye lebo wakati chupa imejaa zabibu za mtaro kizuiwe kufanya hivyo.